Mzee Hezroni na Mashine Zilizoendelea Kuitika

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Hezroni Mwakatundu, Mkuu wa Kitengo cha Tehama katika Ushirika wa Kakao na Mpunga Mbaka, anaagana nasi baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Sheria ilimruhusu kukaa mitatu zaidi, lakini afya imemkatalia. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu, maana mwenyewe ni mtu wa utani. Ila nyote mnajua yaliyotokea mwezi Machi, na mimi si hodari wa kupaka rangi ukuta uliopasuka.

Mzee Hezroni ni mzaliwa wa Ngonga, mtoto wa wakulima wa mpunga. Alisomea umeme Mbeya, akaajiriwa hapa kuhudumia mashine za kukoboa. Kompyuta ya kwanza ya ushirika ilipoletwa, ilikaa ndani ya boksi lake msimu mzima kwa sababu kila mkubwa aliogopa kuwa wa kwanza kuiharibu. Yeye aliifungua, akaiwasha, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kompyuta. Baadaye akarudi chuoni kuisomea ipasavyo.

Jina lake lilijengwa na mafuriko. Mwaka ule maji yalipoingia ofisi yetu ya Bondeni, seva yetu moja, tegemeo letu lote, ilizama pamoja na viatu vya mhasibu. Mizani ya kakao haikuweza kusoma, ujumbe wa bei haukutoka, na wakulima walikaa juu ya magunia yao uani wakitutazama tu. Mzee Hezroni hakusahau macho yale. Alisema hakuna kazi ya ushirika huu itakayotegemea tena kitu kimoja.

Akaanza kukusanya kompyuta ndogo zilizotumika, zile ambazo ofisi nyingine zilizitupa stoo. Akazipanga kwenye rafu, juu kabisa, mbali na maji. Kila programu yetu, ya mizani, ya ghala, ya ujumbe wa bei, akaifungia ndani ya kontena lake pamoja na kila inachohitaji, mithili ya chakula cha safari kilichofungwa na kijiko chake. Juu ya mashine zote akaweka msimamizi, Kubernetes, katika umbo lake jepesi liitwalo k3s. Msimamizi huyo unamwandikia unachotaka: mizani iwe hai sehemu tatu, bei sehemu mbili. Mengine anajua mwenyewe. Mashine moja ikifa, anaihamishia kazi yake kwenye nyingine, na mkulima aliyeko mizani ya Matema hajui kama kuna lililotokea.

Kila baada ya sekunde chache msimamizi huiuliza kila mashine kama ipo. Mzee Hezroni aliliandika swali hilo kwenye skrini ya ofisi kwa salamu ya asubuhi ya Kinyakyusa: Ugonile? Mashine iliyo nzima hujibu Ndaga, na alama yake huwa ya kijani. Isiyoitika hugeuka nyekundu, na kazi yake hupewa wenzake. Wageni walicheka walipoona kompyuta zinasalimiana zaidi kuliko watumishi.

Kisha kulikuwa na Ijumaa zake. Kila Ijumaa, bila kumwambia mtu, aling'oa waya wa mashine moja, akakaa na chai yake kutazama kama tutastuka. Siku moja aling'oa wakati wageni kutoka mkoani wamesimama mbele ya skrini. Meneja alitokwa jasho, wageni hawakugundua kitu, na Mzee akawaongezea maandazi. Mashine zake hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu. Alisema chenye jina, ukienda kukizima, mkono unasita. Ng'ombe wake wa maziwa nyumbani ndiye aliyekuwa na jina, Sekela, na alimsema vizuri kuliko alivyotusema sisi.

Nyumbani Ngonga alikuwa na kundi lake dogo: vikompyuta vitatu vya ukubwa wa kiganja, kwenye kabati ambalo marehemu mkewe alipangia sahani. Kila zana mpya aliijaribu pale kwanza, akaivunja, akaitengeneza, ndipo akaileta kazini. Vikompyuta hivyo vilionekana pia kwenye skrini yetu, safu ya mwisho chini.

Mwaka jana akagundua kasoro katika kazi yake yote. Mashine zilikuwa nyingi, lakini Hezroni alikuwa mmoja. Akaamua baadhi ya Ijumaa ajizime yeye. Haji, simu kaifunga, na sisi tuhangaike wenyewe. Ijumaa ya kwanza tulilia kama watoto walioachwa sokoni. Ya pili tulijikongoja. Alifurahi, akasema kazi ya mtu mzima ni kuhakikisha siku asipokuwepo hakuna anayelala njaa.

Ijumaa ile ya Machi hakuja. Simu ilikuwa imefungwa. Mashine mbili zilikufa kwa umeme wa radi, na tuliziondoa, tukarudisha kila kontena mahali pake kabla ya chai. Tulishangilia. Mwenzetu Clemence aliagiza samaki, mbasa wa kuchoma, na soda, tukala tukisema leo mzee atajua kuwa tumekua. Kuna aliyeuliza kama yuko salama. Tulitazama safu ya mwisho chini ya skrini. Vikompyuta vyake vya nyumbani vilikuwa kijani vyote vitatu, Ndaga, Ndaga, Ndaga. Tukasema mzee yuko nyumbani, anatuchungulia.

Alikuwa nyumbani kweli, sakafuni, mbele ya lile kabati la vikompyuta, tangu alfajiri. Kiharusi kilimwangusha kabla hajaenda kukamua. Sekela alilia zizini mchana kutwa, na jioni jirani yake, Mama Marta, akachoka kusikia, akaenda kumgombeza mwenye ng'ombe. Ndivyo alivyopatikana. Hospitalini walituambia kwamba saa za mwanzo zingemwokolea mengi. Mkono wa kulia haufanyi kazi tena, na ile sauti nzito tuliyoizoea kwenye kwaya ya kanisa lake imebaki maneno machache yanayotoka kwa shida.

Tulipofika wodini, neno lake la kwanza kwetu lilikuwa swali. Kazi ilisimama? Tukamjibu haikusimama, Mzee, ilikwenda vizuri. Alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Sijawahi kuonea aibu habari njema kama siku ile.

Binti yake, Tusajigwe, alitufuata nje akatusalimu kwa adabu zote, shikamooni, kisha akasema: "Mashine ikinyamaza, zote zinajua. Baba yangu kanyamaza, ninyi mkala samaki." Nimeombwa niyaache maneno haya nje ya wasifu. Nimekataa, kwa sababu ndiyo maelezo sahihi kuliko yote ya mfumo wetu. Mashine ikiacha kuitika, wenzake wanabeba kazi yake, na hakuna hata mmoja anayekwenda kuitazama imepatwa na nini. Tulijifunza mfumo huo vizuri mno, tukaufanya tabia.

Mafanikio yake ni haya mnayoyatumia kila siku. Tangu mafuriko yale, hakuna mkulima wa ushirika huu aliyerudishwa mizani kwa sababu kompyuta imekufa. Sisi tuliobaki tunaweza kuujenga mfumo wote upya kutoka rafu tupu. Tumejaribu bila yeye, ukafanya kazi, nami nililia.

Mzee mwenyewe ametuma ombi kupitia kwa binti yake: Ijumaa ziendelee. Zitaendelea, kwa badiliko moja. Asiyeitika, mashine au mtu, mmoja wetu anapanda bodaboda kwenda kumwona kwa macho.

Tusajigwe amevizima vile vikompyuta vya kabatini, na sahani zimerudi mahali pake. Kwenye skrini ya Bondeni safu ya mwisho ni nyekundu tangu hapo. Amri moja fupi ingeifuta, na nafasi ingekuwa safi. Sijaifuta, na nimewaomba wenzangu wasiifute.

Mzee Hezroni, ndaga fijo, asante sana, kwa miaka yote. Tunakuombea mkono upate nguvu, sauti irudi hata nusu, na Sekela azae jike. Ulitufundisha kuendelea bila wewe, na tutaendelea, kwa kuwa ndivyo ulivyotaka. Lakini ukinyamaza, safari hii tutakuja.

Georgina, kwa niaba ya Kitengo cha Tehama