Bi Rukiyo na Disketi Tisa za Ghala la Dawa

Tarehe 30 Juni 1999, Bi Rukiyo Dagane anastaafu baada ya miaka thelathini katika ghala letu la dawa, Garissa. Aliingia akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa msimamizi wa kompyuta zetu zote.

Mashine ya kwanza ilipoletwa mwaka 1991, wengine tuliiogopa. Yeye aliomba afundishwe. Mwaka 1993 alikosea kuweka programu mpya, na orodha yote ya dawa za vituo vyetu ikafutika. Alilia, kisha akakaa wiki tatu akiiandika upya kutoka kwenye makaratasi. Tangu hapo alinakili orodha hiyo kwenye disketi kila Alhamisi, na hakutupa programu yoyote hata ikichakaa. Tulimcheka sana.

Kicheko kilikwisha Novemba 1997. Mafuriko yalikata barabara, maji yakaingia ofisini, na kompyuta yetu ya Windows 95 ikafa. Kituo cha afya cha Masalani kilihitaji dawa za malaria haraka, helikopta ingefika saa nane mchana, nasi hatukujua kituo kipi kimebakiwa na nini. Zilisalia mashine mbili: Macintosh iliyoachwa na mgeni, ambayo haikuikubali programu yetu, na kompyuta kuukuu ya DOS.

Mimi, Mureithi, nilishauri tumngoje mtaalamu kutoka Nairobi.

"Ndugu yangu," Bi Rukiyo akaniuliza, "atakuja akiogelea?"

Akatoa disketi tisa za programu yetu ya zamani, ile ya DOS. Ya nne ikakataa kusomeka mara tatu. Akachukua nakala yake, akasema bismillahi, akaisukuma ndani. Ikakubali. Mwishoni akaingiza disketi ya orodha ya Alhamisi iliyopita. Saa saba unusu orodha ilikuwa inachapwa, na helikopta ikaondoka na dawa zinazotakiwa. Siku ya tatu muuguzi wa Masalani, Bwana Olow, alituita kwa redio: watoto kumi na mmoja waliolazwa walikuwa wameanza kula. Bi Rukiyo alitoka nje peke yake, akarudi macho mekundu, akauliza nani amekunywa chai yake.

Baadaye aliandika kijitabu cha Kiswahili chepesi kinachoeleza namna ya kuweka programu kwenye kila aina ya kompyuta tuliyo nayo. Siku hizi hata wafanyakazi wa kituo cha mbali cha Banissa hujiwekea wenyewe.

Septemba atafungua darasa la kompyuta nyumbani kwake mtaani Waberi. Wasichana saba wamejiandikisha, na mke wangu, Gacheri, ni wa nane.

Mahadsanid, Bi Rukiyo. Asante kwa yote. Mungu akujalie afya njema, na mapumziko yako yawe ya heri na furaha tele.