Kidole cha Meme Tundup na Ubao wa Themanini na Nane

Bila mikono yangu mimi, Azhang Phuntsog, mjomba wa wote na mchongaji mkuu wa mbao za chapa, historia ya dhehebu letu la Kibudha ingekuwa bado inaelea hewani. Hilo liko wazi. Leo lakini ni zamu ya Meme Lobzang Tundup, babu yetu na msomaji wa chumba chetu cha chapa, anayestaafu tarehe thelathini Septemba baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi.

Alishuka kwetu kutoka Zanskar na viatu vilivyotoboka, na tangu siku hiyo hajakaa. Wasomaji wengine huketi. Yeye husoma akitembea, ubao kwapani, kidole juu ya herufi zilizochongwa kinyume. Desturi yetu ni kila ubao usomwe mara tatu kabla ya wino. Yeye husoma mara nne, kisha hurudi kutoka nusu ya njia ya nyumbani kuusoma tena.

Historia yetu ina mbao mia mbili na kumi na nne. Mia mbili nilizichonga mimi, nyingine nikiwa na homa ya kuua yaki, ng'ombe wetu wa manyoya.

Mwaka tulipojenga stupa mpya, mnara wa kuhifadhia vitu vitakatifu, kurasa zilitakiwa ziingie ndani kabla ya adhuhuri, saa aliyoichagua mnajimu. Baada ya hapo mlango unazibwa, na kilichoandikwa ndicho hicho milele. Ubao wa themanini na nane niliumaliza asubuhi ileile. Mwashi alikuwa ameshakoroga udongo, tarumbeta ziko midomoni. Meme Tundup akasoma, akasimama. Tulidhani anaumwa.

Katika orodha ya walimu wetu, mwalimu wa kumi na mbili hakuwemo ubaoni. Wa kumi na moja alimkabidhi mafundisho wa kumi na tatu, mtu ambaye alikuwa hajazaliwa. Kwetu mafundisho hutoka mdomo wa mwalimu yakaingia sikio la mwanafunzi. Jina moja likikosekana, sote tumefundishwa na upepo.

Mkuu wa monasteri akauliza tunangoja nini.

“Ni mimi, Rinpoche,” alisema Meme Tundup. “Nilimsomea Azhang vibaya.”

Kisha akanijia, akanichorea jina kinyume kwenye kiraka cha mbao. “Fuata mchoro wangu, Azhang. Usitazame pengine, na usianze hadithi zako.”

Nilichonga, nikakichomeka kiraka ubaoni kabla chai ya siagi haijapoa. Kurasa ziliingia wino ukiwa mbichi, mwashi akinung'unika kwamba siku nyingine tumletee historia iliyokauka.

Asante, Meme. Tunakuombea magoti mepesi, miaprikoti inayozaa na, ukiweza, kiti.

Sasa, aliyeruka jina ni mimi. Mwalimu wa kumi na mbili na wa kumi na tatu majina yao yanaanza kwa michoro ileile, na mimi hufuata michoro tu. Kusoma sijui. Alijua yeye peke yake, na tangu atangaze kuondoka nazunguka chumbani kama yeye. Hata wasifu huu mimi nimesema tu. Aliyeuandika ni Meme mwenyewe, na sifa zake nadhani nusu amezipunguza.