Barua ya Mjane wa Kitabuni

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea kibanda changu cha ushonaji, na kila mtu ana mahali pake kama meno kinywani. Mwanzoni hukaa Jaji, ambaye hajapata kumhukumu mtu. Alikuwa karani wa mahakama, akastaafu na jina. Katikati ni Spana, fundi baiskeli. Mwishoni ni Sipika, kuli wa sokoni, asiyejua kunong'ona. Anayetumiminia kahawa tunamwita Shangazi, maana hutugombeza kama watoto wa kaka yake. Mimi ni Fundi Cherehani. Daktari amenikataza kukanyaga cherehani wiki sita kwa ajili ya goti, kwa hiyo kibanda kimefungwa. Asubuhi naketi hapa na fimbo yangu. Mchana napumzika nyumbani, mguu juu ya stuli, natazama tamthilia za watu wa zamani, kisha nazima runinga na kusoma riwaya nene aliyoiacha mke wangu, Mungu amlaze pema. Kila siku nakuja nayo hapa, nawasimulia wenzangu nilipofika. Leo ilikuwa asubuhi ya tatu nimefika pale pale.

— Haya Fundi! alisema Sipika, na njiwa wakaruka kwenye bati. Mjane wetu kafungua barua?

— Bado.

— Jana bado, juzi bado! Barua gani hiyo, ya chuma?

— Imefungwa kwa lakiri nyekundu, nikasema. Ameketi dirishani na gauni lake jeusi. Ameishika tu.

Jaji akaweka kikombe chini, kama afanyavyo anapotaka kusikilizwa.

— Miaka thelathini nimefungua barua za watu. Barua ya lakiri haiji kusalimia. Hiyo ni mirathi. Marehemu mumewe alikuwa na mke mwingine huko, na jumba lile litagawanywa. Ndiyo maana wahenga wakasema, mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Hiyo inaingiaje hapo, mzee wangu? akauliza Shangazi.

— Methali ikishatoka haiulizwi imeingiaje.

Spana alikuwa anatikisa kichwa tangu mwanzo.

— Hakuna mirathi. Barua imetoka kwa yule mwendesha gari la farasi. Si Fundi alisema kila wiki anakuja kukaza gurudumu? Gurudumu gani linalegea kila wiki? Mimi nawajua hao. Mtu akikuletea baiskeli nzima uitengeneze, hakufuata baiskeli. Na yale magurudumu yao ni imara, mbao tupu na pete ya chuma. Juzi kwenye tamthilia gari lilipita kwenye mto, halikutoka hata skrubu.

— Kumbe unatazama! alisema Shangazi. Si ulituambia ni mambo ya wanawake?

— Sitazami. Mke wangu ndiye anayetazama. Mimi napita tu.

— Unapita saa nzima?

— Sebule yetu ni ndefu.

Tukacheka. Hata Jaji alikunjua uso kidogo. Shangazi akaongeza kahawa, akamwambia Spana kama sebule ni ndefu hivyo aanze kulipisha nauli.

— Wote mmepotea, akasema Sipika, akasimama kabisa. Sikilizeni! Barua imetoka kwa mumewe mwenyewe. Hakufa yule! Nani alifungua jeneza? Nani alimwona? Atarudi, mtaona, atagonga ule mlango na...

Spana akamkanyaga mguu.

Sipika akanitazama. Mkubwa kama yeye, abebaye magunia mawili kwa safari moja, akaketi polepole kama mtoto aliyevunja sahani.

— Au, alisema, au ameandika farasi.

— Farasi? akauliza Jaji.

— Farasi wa zamani walikuwa na akili.

Niliinamisha macho kwenye kitabu kilichokuwa mapajani mwangu. Nieleze hapa, ili asiyetujua asipotee. Mke wangu alipenda sana mambo haya ya kale. Siku za mapumziko tulikaa sebuleni, mlango umeachwa wazi kidogo upepo uingie, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikipinda mapindo. Tamthilia ikianza alinigusa bega: "Wewe unaweza kushona gauni kama lile?" Nami nilihesabu vifungo vya mgongoni, nikamwambia naweza, ila nani atakuwa na subira ya kuvifunga kimoja kimoja? "Si ni wewe!" alikuwa akijibu.

Kitabu hiki alikianza akiwa mzima, akakiendeleza akiwa kitandani. Siku nguvu zilipomwishia aliweka alama, kipande cha kitambaa cha buluu nilichopunguza kwenye gauni lake la mwisho. Baada ya mazishi nilikianza upya ukurasa wa kwanza. Shule niliishia darasa la saba, nasoma kwa kidole, lakini nilisoma, na katika kusoma nilimsikia. Nilijua hapa alicheka, hapa alifyonya. Juzi ile kidole changu kikagusa kitambaa cha buluu. Mwisho wa ukurasa, mjane ameshika barua. Mbele ya hapo ni maneno ambayo yeye hakuyasoma.

Kwa hiyo si mjane aliyeshindwa kufungua. Na benchi zima walikuwa wakikiona kile kitambaa kikining'inia kitabuni. Walipata kumwona mke wangu mwenyewe amevaa gauni lile la buluu.

Wakati huo akafika mleta mitungi ya gesi, mgeni katika njia hii. Akautua mtungi kutoka begani, akaomba kahawa. Jaji akamsogezea nafasi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa utusaidie kesi. Mjane kapata barua, siku ya tatu leo hajaifungua. Huyu anasema ni ya mpenzi, huyu anasema ni ya farasi. Mimi, kwa uzoefu wangu, nasema kuna mke wa pili.

Yule mtu alisikiliza kwa adabu mpaka kikombe kikafika nusu. Akaangalia mapaja yangu.

— Samahani wazee wangu. Kitabu si ndicho hicho? Kwa nini msigeuze ukurasa?

Spana alijifuta grisi kwenye vidole, kimoja baada ya kingine. Jaji alifungua kinywa kutafuta methali, akakifunga. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Sipika, likatoka tone moja.

— Imeisha, alisema taratibu.

— Nimekosea jambo? akauliza mgeni.

— Hapana, ndugu yangu, nikamwambia. Hujakosea.

Nikawatazama wenzangu. Hawa ni watu wasioweza kungoja maji yachemke. Sipika humalizia wenzake sentensi. Na siku tatu nzima hakuna hata mmoja aliyesema "geuza." Walitunga wake wa pili, wakatunga farasi mwenye kalamu, ili mimi nipate mahali pa kupumzika kabla ya ukurasa ule. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yao, kimya kimya. Nikaomba nguvu kidogo, ya kiasi cha karatasi moja tu. Nikavaa miwani, nikageuza.

Nilisoma kwa sauti, kidole chini ya maneno.

— "Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na barabara ya kwenda jumbani ikawa haipitiki."

Nikapitisha kidole mistari iliyofuata.

— Na barua? akauliza Spana.

— Haimo.

— Haimo vipi?

— Sura mpya. Wameanza mvua.

— Huyu mwandishi ashtakiwe! alisema Jaji, amesimama. Huwezi kumwacha mtu na barua mkononi ukaenda kusimulia mvua!

— Barabara haipitiki! alipiga kelele Spana. Tope! Gurudumu litakwama, nani atakuja kulitoa? Nilisema mimi!

— Na tope nani analivuka? Farasi! alisema Sipika. Ndiye tarishi!

Mleta gesi naye akaketi vizuri, akasema kwa maoni yake yule mjane barua ameshaifungua zamani, anawaficha tu. Nilicheka mpaka goti likaniuma.

— Zimebaki kurasa ngapi, Fundi? akauliza Shangazi.

Nikapima kwa vidole, kama ninavyopima kitambaa.

— Mia mbili na zaidi.

— Basi kaeni. Naweka birika jingine.

Alipowasha jiko nilimwomba njiti moja ya kiberiti. Kitambaa cha buluu sikukihamisha. Nilikilaza vizuri pale alipofikia yeye. Ile njiti nikaichomeka ukurasa mmoja mbele.