Ndoo ya Haki

Mfugaji aliharibu utafiti wa daktari wa mifugo, akamweleza mwenyewe ndani ya basi, mbele yangu, bila haya. "Mzee, si tulikubaliana? Ng'ombe ishirini dawa ya matone ya uvimbe wa viwele, ishirini maji matupu." "Sasa daktari, nimbague nani? Nilichanganya chupa zote kwenye ndoo, kila mmoja akapata haki yake." Mimi pia ningechanganya, ila sikuulizwa.

"Sasa nitajuaje kama dawa inafanya kazi?" "Wewe mwenyewe ulisema dawa hiyo hutengenezwa kwa tone moja tu kwenye pipa zima la maji. Ndoo yangu ina kosa gani? Na viwele vimepona." "Kwa dawa, au vimepona vyenyewe?" "Kwani unataka viumwe tena?"

Basi likasimama. Daktari akashuka na daftari lake: miezi kumi na minne, ng'ombe arobaini, maziwa yaliyopimwa mara mia sita, na jibu hakuna.