Kitabu cha Mwalim Kimefungwa Mtandaoni

Zamani baraza letu likinoga, wallahi. Mwalim Matar akikaa pale kwenye kona, anatusomea visa vya mtaa alivyoviandika mwenyewe, nasi tunacheka mpaka kahawa inapoa. Raha ile sijaiona tena. Alivitoa katika kitabu, mara moja tu, na nakala zetu mchwa washazila. Sasa jana Junaid, tunayemwita Wakili kwa kubisha kwake, kakiona kitabu kile kwenye maktaba ya mtandaoni. Mwenzetu Msabah hakulala kwa furaha. Humo mna kisa cha mama yake, Bi Rukaiya, muuza vitumbua, aliyefariki Msabah bado ananyonya. Picha yake hata moja hana.

— Fungua basi, yakhe! Msabah alisema.

— Hakifunguki, alijibu Wakili, simu mkononi. Jalada tu. Ndani kina haki ya mwandishi.

— Mwandishi si tushamzika! alidakia Mkadam, tunayemwita Redio. Na hitma tukamsomea hapa hapa. Haki gani tena?

— Haki haizikwi. Inabaki kwa warithi mpaka ipite miaka hamsini tangu afe. Hapo ndo kinakuwa cha watu wote.

— Hamsini! Msabah alishika kichwa. Mie n'na sabini na ushei. Ntakisomea kaburini?

— Mnachezewa nyie, alisema Redio. Nani afunge visa vya vitumbua? Humo mna ramani ya hazina iliyofukiwa Fumba!

— Hebu tupishe! Kitabu hichi yatima, alisema Wakili, na yatima analelewa na mtaa. Tuwaandikie watu wa maktaba kuwa warithi ndo sisi, mtaa mzima.

— Andika, alisema Msabah. Andika sasa hivi.

Haitham, bwana harusi mpya kutoka Kiembe Samaki, ndo kwanza anakaa nasi.

— Shikamooni wazee. Kwani si mwende mkawaombe ruhusa warithi wenyewe? Kwao Mwalim wapi?

Tukatizamana.

— Kila sikukuu akichukua mkoba wake, akenda zake, Redio alisema taratibu.

— Akenda wapi? Haitham aliuliza.

Wakili akazima simu. Niliona haya. Mwalim aliuliza mtaa mzima habari za mama zetu mpaka akawaandika, mmoja mmoja.

— Wake hatukumuuliza, alisema Msabah.