Ovaroli ya Wafagiaji wa Jiji

Mbele yangu kwenye basi alikaa fundi cherehani, amepakata ovaroli ya rangi ya chungwa iliyopigwa pasi ikanyooka. Alimweleza jirani yake, bwana mwenye begi jeusi, kwamba ni sampuli ya zabuni ya sare za wafagiaji. Jiji likimpa kazi, atahama barazani kwa shemeji yake akafungue duka.

"Mshono safi, dada," bwana akasema. "Ila hilo jina ulilodarizi kifuani litakuponza. Sampuli haitakiwi alama, wasije wakampendelea mtu. Fumua."

"Watajuaje ni yangu?"

"Wanabandika namba wenyewe."

"Nikifumua yatabaki matundu, waseme nimewaletea mtumba!"

Hapo alisema kweli, kitambaa kile kikitobolewa kimetobolewa. Hata hivyo alitoa wembe, akaondoa herufi ya kwanza taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kisha akasita. "Kaka, haya umeyajulia wapi?"

"Mwaka jana waliniengua mimi, kwa lebo tu."

"Na leo unakwenda wapi?"

Bwana akafungua zipu kidogo. Ndani mlikuwa na kitambaa cha rangi ya chungwa. "Huko huko."

Niligeukia dirisha, maana kucheka kungekuwa utovu wa adabu.

"Kumbe napewa dawa na mgonjwa mwenzangu!" fundi akasema. "Unaniokoa au unaniharibia?"

"Yangu haina jina, dada. Kagua mwenyewe."

"Ya kwako inanihusu nini?"

Basi likasimama mbele ya ofisi za jiji. Wakashuka pamoja, bwana akisisitiza afumue, fundi akiwa na wembe mkononi, na herufi zilizobaki ziking'aa kifuani mwa ovaroli.