Mama Funguo na Mafaili Yaliyopata Mwenyewe Mwingine

Ijumaa hii, mwisho wa mwezi wa sita, Mama Funguo anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kama mpiga chapa, akasomea kompyuta jioni, na tangu hapo hakuna aliyesahau neno la siri asipite mlangoni kwake kutaniwa kwanza.

Ameniomba nisimpambe. Nikiiruka habari ya kuhama mashine, amesema, haji kwenye sherehe ya kumuaga. Tunamjua, kweli asingekuja.

Tulikuwa tukihamia kompyuta kuu mpya kutoka ya zamani, zote zikitumia mfumo wa Unix. Mashine hizo humtambua mtu kwa namba, na mwenye namba ndiye mwenye mafaili. Mama Funguo aliyahamisha yote, halikupotea hata moja. Namba ndizo hakuzihakiki. Iliyokuwa ya karani wa masjala, kwenye mashine mpya alikuwa amepewa msimamizi wa kantini. Huyu alipofungua mafaili yake kutafuta oda ya unga, akakuta barua ya karani ya kuomba ruhusa ya matibabu, kwa ugonjwa aliowaficha hata wanawe.

Msimamizi ana huruma, ila mdomo wake hauna breki. Ilipofika saa ya chakula, karani alipewa pole kila meza aliyopita. Aliacha sahani yake akatoka.

Mkuu wa kitengo akaandaa tangazo kwamba mashine ina hitilafu. Mama Funguo akasimama kantini: “Mashine imefanya nilichoiambia. Aliyekosea ni mimi.” Kisha akamfuata karani masjala kumwomba radhi. Karani hakumtukana.

“Wanangu walipaswa kuyasikia haya kwangu,” alisema tu, akaendelea kupanga majalada.

Mafaili yalirudi kwa wenyewe siku ileile. Aibu haikurudi ilikotoka. Kwa muda mrefu Mama Funguo alikula mezani kwake, mlango umefungwa. Tulipohamia mashine nyingine tena, alikaa na kila mmoja wetu, akituamuru tujaribu kufungua mafaili ya jirani. Mashine ikikataa ndipo anapumua. Tulimcheka, hakucheka.

Karani alipona. Walisalimiana kwenye ngazi, basi, mpaka karani akastaafu.

Juzi alitupigia simu kuuliza sherehe inaanza saa ngapi, na kama atapata kiti karibu na mbele. Mama Funguo, habari hiyo unaisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Asante, dada yetu, kwa kazi na kwa ukweli wako. Ukapumzike kwa afya na moyo mweupe.